Majani ya Mgomba Juu ya Niru

Kazi ilianza Jumatatu, wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba, saa tatu na robo asubuhi. Saa ninaikumbuka kwa sababu redioni walikuwa wanasoma matangazo ya vifo, na Bibi alimkataza fundi kupiga sululu mpaka yaishe, asije akapitwa na msiba wa mtu anayemfahamu. Redio yenyewe ilikuwa uani, juu ya pipa la maji, pamoja na vitu vyote vya sebuleni tulivyovitoa mapema: viti vya mbao, kabati la vyombo, picha ya Bikira Maria, na kochi ambalo kuku mmoja alikuwa ameshalitwaa. Fundi alisimama katikati ya sebule tupu, sululu begani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Matangazo yakaisha.

"Haya," Bibi akasema, "leo hatuna mtu. Piga."

Akapiga. Vumbi jekundu likapanda hadi dirishani, na mimi nikakimbilia nje nikiwa na khanga mdomoni, nikicheka peke yangu.

Sakafu ile ilikuwa imemzidi baba yangu umri. Babu aliimwaga mwenyewe, hapa hapa Kilema, mwaka ambao kahawa ililipa vizuri. Ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, na kwa miaka mingi watoto wake waliing'arisha kila Jumamosi kwa dawa ya sakafu na blanketi kuukuu: mmoja anakaa juu ya blanketi, wengine wanamburuta huku na huku. Baba anapenda sana kuisimulia hiyo, na kila akisimulia, yeye ndiye aliyekuwa anakaa. Baba Mkubwa anasema ni uongo.

Mimi sikuiona iking'aa. Niliyoikuta ilikuwa na nyufa kila mahali, na karibu na mlango wa chumba cha Bibi palikuwa na shimo ambalo kuku angeweza kulalia mayai. Shimo hilo ndilo lililoleta mambo yote. Mwezi wa saba Bibi alijikwaa hapo akiwa na ndoo ya maziwa, goti likavimba, akalala siku kadhaa bila kumwambia mtu. Tulikuja kujua kwa jirani. Tangu hapo akawa anavuka sebule kwa kushika ukuta. Anazunguka pembeni, mkono mmoja ukutani, hata kama kitu anachokitaka kiko mbele yake hatua mbili tu.

Baba Mkubwa, kaka yake Baba anayeishi Dar, akaitisha kikao cha simu. Simu iliwekwa mezani kwetu Majengo, sauti juu kabisa, sisi tumeizunguka kama tunaota moto. Alisema ifikapo Krismasi, ama nyumba ya Mama iwe salama au Mama ashuke Moshi mjini akae na sisi. Kwa upande wake alitaka tailizi, zile nyeupe za kung'aa, kama za kwake.

Kusema kweli, upande mmoja wa moyo wangu ulifurahi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, lakini linakwama kooni, na likitoka, kengele imeshagonga. Kwa Bibi sihitaji kusema mengi. Nimepewa jina lake, kwa hiyo ananiita wajina, na anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Nikawaza: akihamia kwetu, atalala chumbani kwangu, itakuwa raha kila siku.

Halafu nikakumbuka siku zile anazokuja kututembelea Majengo. Anakaa kwenye kiti kilekile, pochi mapajani, kama mtu wa safari. Hana cha kufanya kwa mikono yake. Anauliza saa. Mara ya mwisho alisema kwetu mtu akikohoa, jirani anasema pole kabla hajamaliza. Huku juu ana ng'ombe wake, ana migomba, ana kaburi la Babu nyuma ya nyumba ambalo analifagia kabla hajafagia kwake, na anakwenda misa kwa miguu yake mwenyewe.

Na tailizi hataki hata kuzisikia. Kwenye harusi moja mjini alikanyaga tailizi zilizodekiwa muda huo huo, akakaa chini mbele ya wakwe kabla hajakaribishwa kiti. Yeye mwenyewe akiisimulia anacheka mpaka machozi, lakini hajakanyaga tena nyumba ile.

Mwisho wakaelewana hivi: fundi wa hapo kijijini ang'oe sakafu mbovu ya sebule, amwage nyingine, apige niru nyekundu, ule uji wa saruji wa kulainisha juu, kama ya zamani. Baba Mkubwa angepanda Jumamosi kuiona kwa macho yake. Ikimridhisha, vyumba vingine vifuate na Bibi abaki. Isipomridhisha, ataleta mafundi wa tailizi kutoka mjini, na Bibi atashuka kwetu kwa muda. Hilo neno "kwa muda" lilimfanya Bibi anyamaze, yeye asiyenyamaza. Mtu wa umri wake akishahamishwa kwa muda, vitu vyake vinaanza kugawiwa mdogo mdogo. Kwanza ng'ombe, halafu masufuria.

Mimi nikatumwa kupanda Kilema kumsaidia. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilikuwa nataka.

Jumatatu ilikuwa ya kubomoa. Nilibeba mabaki kwa karai nikayamwaga njiani, pale mvua inapochimba, na kila jirani aliyepita alishukuru kana kwamba tumemtengenezea yeye barabara. Jumanne fundi alipanga mawe, akamwaga zege, akasawazisha kwa ubao mrefu na pimamaji. Yule fundi ni mtu wa maneno mengi wakati wa kupumzika na hana neno hata moja wakati wa kazi, kwa hiyo tulielewana nusu ya siku. Wakati wa kunywa uji ananitania. Alisema Bibi amekula maneno yangu yote tangu nikiwa mtoto ndiyo maana amenenepa. Nilitaka kujibu kitu, jibu likanijia wakati ameshashika mwiko.

Jumatano akapiga niru. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona. Anachanganya saruji na unga wa rangi nyekundu mpaka inakuwa kama uji mzito, anaitandaza juu ya saruji ambayo bado ina unyevu, halafu anapiga magoti na kuipapasa kwa mwiko wa chuma, nusu duara kwenda, nusu duara kurudi, huku akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kila mwiko unapopita, inabaki kama kioo. Alipofika kizingitini alinyoosha mgongo, akaniita niangalie. Niliona dirisha lote chini sakafuni, na mawingu yake.

"Kilema nzima huikuti hii," akasema. "Hata inzi akitua hapa atateleza."

Alisema kwa kujivuna, na ilikuwa haki yake kujivuna. Lakini Bibi alikuwa nyuma yangu. Aliangalia ile sakafu nzuri, akaangalia ndala zake zilizokwisha nyayo. Akaenda kuangalia ng'ombe.

Fundi alikuwa na kazi nyingine Kirua Vunjo, akawa anakusanya vyombo vyake haraka. Kabla ya kuondoka aliniambia jua ni kali na upepo wa siku hiyo ni mbaya. Niru ikikauka kwa haraka itapasuka nywele nywele. Kwa hiyo ikishashika, tuifunike, tuinyunyizie maji, na isikae bila unyevu usiku kucha. Nikaitikia kwa kichwa. Sikumuuliza tuifunike na nini. Kwangu mimi kuuliza swali la pili ni kazi, na pia kiukweli sikuona kama kuna swali. Nilimpelekea Bibi maneno yale kama yalivyo, na yeye pia hakuona swali. Huku mlimani kitu kikitakiwa kufunikwa, unatoka nje unakata jani la mgomba. Chakula kinafunikwa na jani. Ndizi za kuvundika zinafunikwa na majani. Ukinyeshewa njiani unakata jani unajifunika mwenyewe. Nani atawaza kitu kingine?

Alasiri Bibi akaijaribu niru kwa kidole gumba, pale kizingitini, akasema imeshika. Pale kizingitini ilikuwa imeshika kweli. Upepo wote ulikuwa unaingia kwa mlango huo. Katikati hakuna aliyefika, maana nani angekanyaga?

Tukaingia shambani. Bibi anachagua, mimi nakata. Alitaka majani mapana yasiyochanwa na upepo, kwa hiyo ilibidi twende hadi bondeni karibu na mfereji ambako migomba imekingwa. Nilirudi na mzigo kichwani nisione mbele, yeye nyuma yangu akiniongoza kwa mdomo: kushoto wajina, jiwe, inama, mgomba huo. Kwa kawaida tungeyatoa uti, ule mgongo mnene wa katikati. Siku hiyo tuliuacha, kwa sababu ndio uliokuwa mpini wetu. Mimi nilisimama mlangoni, Bibi dirishani kwa nje, na tukawa tunayasukuma majani marefu juu ya sakafu kama mtu anayeingiza mikate kwenye tanuri, yanalaliana, mpaka nyekundu yote ikapotea na sebule ikawa ya kijani. Hatukukanyaga hata mara moja. Tulijisifu sana kwa hilo. Halafu nikachovya ufagio kwenye ndoo nikainyunyizia mvua ndogo, na Bibi akasema hata Askofu akija leo hatuna aibu.

Chumbani kwa Bibi hakuna njia nyingine isipokuwa kupitia sebule, kwa hiyo wiki ile tulilala jikoni, jengo la pembeni ambalo nusu yake ni ya ng'ombe. Tulikula makande na parachichi, miguu kwenye majivu ya moto. Ng'ombe alikuwa anacheua upande wa pili wa mbao. Bibi alinieleza habari za watu wa redioni ambao hawafahamu, akiwapa ukoo na magomvi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi shuleni mwaka mzima, na nilitamani fundi achelewe.

Hakuchelewa. Alhamisi asubuhi alikuja, nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye majani.

"Haya ameweka nani?" akauliza.

Bibi akamwambia ajionee kwanza kazi nzuri tuliyofanya. Fundi akashika uti wa jani la kwanza, akalivuta taratibu. Chini yake kulikuwa na jani jingine. Halikuwa jani, lilikuwa sakafu yenyewe. Uti wake, mishipa yake, ile mistari myembamba inayolala sambamba kama mistari ya daftari, vyote vimechapwa kwenye niru nyekundu, na pembeni madoa ya utomvu yenye rangi ya kahawa. Akavuta la pili. Akavuta la tatu. Sebule nzima ilikuwa imelaliwa na migomba.

Fundi akachuchumaa, mkono mdomoni.

"Bibi," akasema, "mimi nilisema mfunike. Sikusema mpande shamba."

"Ulisema tufunike, tumefunika."

"Kwa magunia. Dunia nzima niru inafunikwa kwa magunia."

"Dunia nzima haina migomba," Bibi akamjibu. "Na wewe ungesema magunia, si una mdomo?"

Walirushiana maneno hivyo, nusu ugomvi, nusu mzaha, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikihisi uso unaniwaka. Halafu mzaha ukaisha. Fundi alieleza kwamba hawezi kuweka tabaka jipya jembamba juu yake. Litabanduka kama ganda. Kuvunja na kuanza upya kungechukua hadi wiki nyingine, na Jumamosi ni keshokutwa. Bibi akakaa kwenye kochi la uani, kuku akampisha. Nilimwona anaangalia banda la ng'ombe, halafu migomba, halafu mikono yake, kwa utaratibu huo.

Alichoweza kufanya fundi alifanya. Ile mifereji mikubwa iliyoachwa na uti aliijaza kwa niru mbichi kwa uangalifu, mmoja mmoja, akasawazisha. Mmoja tu, nyuma ya mlango, ulimshinda kwa sababu ulikuwa umejikunja, na mpaka sasa ukimwaga chai sebuleni, chai inaelekea huko na sisimizi wanaifuata. Mistari myembamba aliiacha. Alisema ukiigusa utaiharibu zaidi. Kisha akafunika yote kwa magunia, akimwonyesha Bibi kwanza, moja moja, kama mwalimu wa chekechea: hili linaitwa gunia.

Jumamosi Baba Mkubwa alifika wakati wa chakula cha mchana, na Baba akiwa naye ndani ya gari. Bibi alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama. Tulikuwa tumeondoa magunia, tumerudisha meza, na nimedeki mara mbili, kana kwamba kudeki kungefuta. Fundi alikuja pia, amevaa shati la misa.

Baba Mkubwa ni mtu mpole, lakini anapenda vitu vinyooke. Hata soksi zake zina mstari. Alisimama kizingitini akatazama chini.

"Hii nini?" akauliza.

Fundi alisema siku hizi watu wanapenda sakafu yenye nakshi. Baba akakohoa, nikajua anazuia kicheko. Baba Mkubwa hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mistari, akaangalia doa moja la utomvu, akauliza ni nani aliyefanya. Bibi akasema ni yeye, kwa amri yake, na mtu asitafute mwingine. Akaondoka zake kwenda bandani kukamua, ijapokuwa saa ya kukamua ilikuwa bado kabisa.

Wanaume wakabaki wanaongea. Baba Mkubwa alisema sakafu imechafuka, haina maana kubishana na Mama, mafundi wa tailizi waje baada ya mwaka mpya, na Mama ashuke na gari lao leo leo au kesho baada ya misa, ili asione nyumba ikivunjwa. Baba alisema sawa, kwa sauti ya mtu asiyetaka. Fundi aliangalia kofia yake. Nje ilianza kunyesha, ile mvua yetu ya ghafla inayoteremka na ukungu, na kila mtu akasogea ndani kidogo.

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa chumbani na mabakuli ya kupakulia mtori. Nikamwona Bibi anatoka bandani. Hakukimbia, hawezi, alikuja kwa mwendo wake chini ya mvua, ndoo ndogo mkono mmoja, kifuniko mkono mwingine. Akavua gamboti kizingitini, akaingia peku, miguu imelowa na tope kidogo. Akavuka sebule. Moja kwa moja, katikati, kuelekea meza iliyokuwa upande wangu, huku akimlaumu ng'ombe kwa kutotoa kitu. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Wao walikuwa wameendelea kuongea. Hakuna aliyeona. Nilisubiri mtu aone, kama ninavyosubiri darasani mwingine ajibu. Baba Mkubwa alikuwa tayari ameshatoa simu kumpigia fundi wa tailizi. Nikafikiri juu ya Bibi kwenye kile kiti kwetu Majengo, pochi mapajani.

"Baba Mkubwa," nikasema, "Bibi hajashika ukuta."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wote wakanigeukia, kwanza mimi, halafu Bibi, aliyekuwa amesimama na ndoo yake akidhani amekosea kitu.

"Ukuta gani?" Baba Mkubwa akauliza.

Ikabidi nimalize, kwa kuwa nilishaanza. Nikamwambia tangu mwezi wa saba Bibi hajawahi kuvuka hapa bila kushika ukuta, na leo amevuka na maji miguuni, mikono imejaa. Nikasema ile mistari inamshika. Nikasema ingekuwa ya kung'aa angekuwa yuko chini sasa hivi. Nadhani ndiyo maneno mengi zaidi ambayo Baba Mkubwa amewahi kuyasikia kutoka kwangu, kwa sababu aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Bibi aliweka ndoo mezani. Akaangalia nyayo zake, akaangalia alama za matope alizoacha katikati ya sebule.

"Mbona kweli," akasema taratibu.

Baba Mkubwa alikaa kizingitini, akavua viatu, akavua soksi zake zenye mistari, akakunja suruali. Akatoka kwenye mvua, akasimama mpaka miguu ikalowa, akarudi ndani. Akatembea. Akajaribu kwa makusudi kuteleza, mguu mmoja mbele, kama mtoto anayecheza, mwanaume mzima mwenye kitambi. Mguu ukagoma. Akajaribu kwa kisigino. Ukagoma. Fundi akasema anaweza kutuletea blanketi kama tunataka kumburuta. Hapo Baba akashindwa, akacheka mpaka akashika mlango, na Baba Mkubwa naye akacheka, amesimama peku katikati ya majani mekundu.

"Mama, unabaki," akasema. "Hata chumbani wakupigie hivi hivi."

Bibi akamwambia akae ale, mtori unapoa. Lakini alipokuwa anapakua nilimwona amejaza bakuli la fundi mpaka likamwagika, na hakugundua.

Jioni ile sikufanya kitu cha maana. Niliosha vyombo. Bibi alivuka sebule mara nyingi bila sababu. Anaenda kuchukua chumvi, anarudisha chumvi. Mimi nilijifanya sioni.

Asubuhi yake, Jumapili, tulikwenda misa ya kwanza, Bibi amevaa kitenge kipya. Watu walipotoka, wanaume walikusanyika kwenye ukuta wa mawe kama kawaida yao, na fundi alikuwa katikati akisimulia habari za shamba la sebuleni, kila mtu anacheka. Bibi alikuwa bado ndani anazungumza na wenzake. Ningeweza kumsubiri. Nilipita kati ya wale wazee nikiwapa shikamoo zao, nyingi mfululizo, nikafika kwa fundi. Akaniuliza kama nimetumwa kuja kumwomba magunia.

Nikamwambia hapana, nimekuja kumwita kesho aanze chumba cha Bibi. Nikamwambia safari hii majani nitayatoa uti kwanza, nitayalaza yeye akiwepo, na yeye ndiye atakayesema niru imefika kiasi gani, si kidole cha mtu mlangoni. Wazee wakageuka kunisikiliza. Fundi akavua kofia, akajikuna kichwa, akaniuliza ni majani ya mgomba gani nataka, maana kila mgomba una mistari yake.

Sikuwa najua. Nikamwambia anipe mpaka jioni. Nikamwacha Bibi na wenzake, nikateremka shambani na nguo zangu za misa, nikaanza kuyapapasa majani kwa mgongo wa mkono, mgomba mmoja baada ya mwingine.